Usawa wa Mchana na Usiku, na Hesabu ya Pasaka

Kila mwaka vijana wa Kipaimara hutuuliza swali lile lile: Kwa nini Krismasi hukaa tarehe 25 Desemba siku zote, bali Pasaka huhamahama, mara Machi, mara Aprili? Wengi wetu hujibu kwamba kalenda imesema hivyo. Jibu hilo halitoshi. Kuuliza si ujinga, na mwenye kuuliza yampasa apate jibu. Basi na tujifunze leo jambo la mbinguni lililo msingi wa hesabu hiyo, yaani usawa wa mchana na usiku, ambao wataalamu wa nyota huuita ikwinoksi.

Dunia yetu ina miendo miwili. Hujizungusha yenyewe kwa siku moja, nasi twapata mchana na usiku. Tena hulizunguka jua kwa mwaka mmoja. Lakini mhimili wake haukusimama wima juu ya njia yake. Umeinama kiasi cha digrii 23 na nusu hivi, na mwaka wote huelekea upande ule ule. Kwa hiyo mwezi wa Juni nusu ya kaskazini huwa imelielekea jua, na mwezi wa Desemba nusu ya kusini. Katikati ya nyakati hizo pana saa ambayo hakuna nusu iliyolielekea jua kuliko mwenzake. Hapo jua huwa juu ya Ikweta hasa. Ndiyo ikwinoksi. Kwa kawaida huja tarehe 20 au 21 Machi, tena tarehe 22 au 23 Septemba. Kwa kweli ni nukta moja tu ya wakati, jua linapovuka mstari ule. Bali watu huiita siku nzima kwa jina lake.

Jambo hili mwaweza kuliona kwa macho yenu. Siku hiyo simamisheni wima fimbo ya sentimeta 100 mahali palipo sawa, mkaweke kijiwe kila saa penye ncha ya kivuli. Jioni mtaona vijiwe vimepangika katika mstari ulionyoka, toka magharibi kwenda mashariki. Siku za Juni au Desemba vijiwe hivyo hupinda kama upinde. Tena pimeni kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Aliye Dar es Salaam atakiona mwezi wa Machi kama saa sita na nusu mchana, nacho kitakuwa kama sentimeta 12, kikielekea kusini. Aliye Moshi ataona kama sentimeta 6. Kwa nini kivuli kisitoweke? Kwa sababu sisi tu kusini ya Ikweta. Jua limekwisha kupita juu ya vichwa vyetu likienda kaskazini: Dar es Salaam kama tarehe 3 Machi, na Moshi kama tarehe 12.

Labda mtu atasema, Kwetu mchana na usiku hulingana karibu sikuzote; siku hii ina ajabu gani? Ni kweli. Dar es Salaam mchana ulio mrefu kabisa haumzidi mfupi hata kwa saa moja. Lakini huko Berlin mchana wa Juni hukaribia saa 17, na wa Desemba haufiki saa 8. Ndiyo maana watu wa nchi zile walilingoja jua la Machi kwa hamu. Hata hivyo siku hiyo mchana huzidi usiku kwa dakika chache, kwa kuwa hewa huupinda mwanga, nasi twaliona jua kabla halijatokea hasa. Tena twahesabu macheo tangu ukingo wake wa juu uonekanapo.

Sasa turudi kwenye Pasaka. Kanuni ya kanisa ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu ulio katika tarehe 21 Machi au baada yake. Tarehe 21 Machi iliwekwa kuwa siku ya ikwinoksi. Lakini kalenda ya zamani, iliyoitwa ya Julio, ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, na mwaka wa jua ni mfupi kuliko huo kwa dakika kama 11. Dakika 11 ni kitu kidogo. Lakini kwa miaka 128 hivi huwa siku nzima. Mwaka 1582 ikwinoksi ilikuwa imerudi nyuma siku kama 10. Basi Papa Gregori wa 13 akaamuru siku 10 ziondolewe: baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuata Ijumaa tarehe 15.

Hapo wazee wetu wa Ujerumani walijikwaa. Waevangeli wengi walikataa, si kwa kuwa hesabu ilikuwa mbaya, bali kwa kuwa ilitoka kwa Papa. Johannes Kepler, Mlutheri na mtaalamu mkuu wa nyota, aliona kwamba hesabu ile ni njema, lakini hawakumsikia. Zaidi ya miaka 100 majirani walisoma tarehe mbili katika siku moja. Mwaka 1700 walikubali mwishowe kuziondoa siku zilizozidi. Ila Pasaka walitaka kuihesabu kwa mbingu zenyewe, wakitumia majedwali ya Kepler ya mwaka 1627. Ikawaje? Mwaka 1724 mwezi mpevu ulikuwa Jumamosi tarehe 8 Aprili kwa hesabu ya mbingu, bali Jumapili tarehe 9 kwa jedwali la kanisa la Roma. Walutheri wakafanya Pasaka tarehe 9, na Wakatoliki tarehe 16. Mwaka 1744 yakatokea tena. Hata mwaka 1776 wakaikubali hesabu iliyo moja.

Basi tuangalie vema. Kwanza wazee wetu waliikataa kweli kwa sababu ya kinywa kilichoisema. Baadaye walikuwa na hesabu iliyo sahihi zaidi, lakini wakaiacha ili wasitengane na majirani. Hata leo tarehe 21 Machi ni tarehe ya makubaliano tu. Mwaka 2019 ikwinoksi ilikuwa tarehe 20 Machi, na saa chache baadaye mwezi ukawa mpevu. Kwa mbingu Pasaka ingalikuwa tarehe 24 Machi, lakini kwa jedwali sote tulingoja hata tarehe 21 Aprili. Jua halikukosea, wala kanisa halikudanganya. Jua lina njia yake, na watu wanaokaa pamoja wana haja ya siku moja. Kijana akituuliza tena, tumwambie yote mawili.

Maswali ya kujifunzia:
1. Kama mhimili wa dunia usingeinama, kivuli cha fimbo kingekuwaje mwezi wa Juni?
2. Kwa nini kosa la dakika 11 halikuonekana upesi?
3. Je, liko jambo la kweli tulikataalo leo kwa sababu ya aliyelisema?