SOMO LA AFYA: KIRUSI KINACHOBANDIKA KURASA

Leo tunajifunza ugonjwa usiopiga hodi. Ni homa ya ini aina ya B. Mtu anaweza kukaa nao miaka 20 au 30, analima maharage yake, anabeba mihogo, wala haumwi popote. Kisha tumbo linavimba, macho yanakuwa manjano, anakonda. Hapo wengi husema amerogwa. Sisi tunasema, tuliangalie ini kwanza.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Limejengwa kwa chembe hai nyingi mno, ndogo hata jicho halizioni. Ndani ya kila chembe mna kama kitabu cha maagizo. Kurasa zake huitwa jeni. Ukurasa mmoja unaiambia chembe: gawanyika. Mwingine unasema: sasa basi, acha.

Kirusi cha ugonjwa huu huingia mpaka pale kitabu kilipo, kikakaa humo. Hila yake mojawapo ni hii: hakifuti herufi, hubandika kurasa. Wewe uliyepita kisomo unajua. Maneno yapo, lakini kurasa mbili zikigandamana kwa gundi, utasoma nini? Gundi yenyewe ni vialama vidogo vya kemikali vinavyokaa juu ya jeni. Ukurasa wa "acha" ukibandikwa, chembe inaweza kugawanyika ovyo, nazo chembe zinazozaliwa hurithi kitabu pamoja na gundi yake. Hivyo saratani ya ini huanza kujengwa zamani, mwenyewe akiwa bado mzima shambani. Elimu ya alama hizi wataalamu huiita epijenetiki. Jina gumu, ila maana mmeshaipata.

Kuna na adui wa pili, ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa mbichi. Sumu yake, sumukuvu, huharibu herufi zenyewe. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, iliua watu 125, na waliochunguza waliona kwamba waliougua walikuwa na kirusi cha B kuliko majirani zao wazima. Kwetu Tanzania sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Basi mahindi yakauke vizuri, yasianikwe chini kwenye udongo. Punje zenye ukungu zisitiwe hata kwenye pombe.

Kirusi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Wembe mmoja wa kuchanjia chale watu watano, jamani, ni hatari kubwa. Kula sahani moja hakuambukizi, kwa hiyo mgonjwa asitengwe.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukishinda kirusi. Kwa mtoto mchanga ni kinyume: kati ya 10, hubaki nacho kama 9. Tangu mwaka 2002 chanjo yake imo katika chanjo za watoto nchini, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata, naye aulize kipimo cha damu hospitali ya wilaya, Kibondo au Kasulu. Dawa za kukizuia kirusi kisizaliane zipo, na hupunguza hatari ya saratani. Lakini kwa kawaida hazikiondoi, wala hazibandui kila ukurasa ulioganda.

Maswali ya kikundi: Kijijini kwenu nani huchanja chale, na wembe anautoa wapi? Ni watoto gani hawajamaliza sindano ya wiki ya 14?