Kichwa cha Mwanafunzi: Vidokezo kwa Wazazi wa Kericho na Bomet

Mtoto akilalamika kichwa Jumatatu asubuhi, jibu huwa tayari: "Wewe hutaki shule!" Ngoja kwanza.

1. Mwamini. Watoto wengi wa umri wa shule huumwa kichwa mara kwa mara, na karibu mmoja kati ya 10 hupata kipandauso. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni kama watano.

2. Kipandauso cha mtoto si kama chako. Huweza kuisha baada ya saa mbili, na mara nyingi hushika paji lote, si upande mmoja. Anatapika, anakimbia mwanga, analala, kisha anaamka akidai mpira. Ndipo majirani wanaposema alikuwa anajifanya.

3. Uliza amekula nini. Kupanda mlima alfajiri na strungi tupu tumboni ni kukaribisha maumivu. Mpe uji au viazi, na chupa ya maji. (Kuisema chai vibaya huku kwetu ni kutafuta ugomvi, lakini ile kali ya usiku humnyima mtoto usingizi, na asiyelala vizuri huamka na kichwa.)

4. Tazama jiko. Baridi yetu hutufanya tuingize makaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na huua. Nyumba nzima ikiamka na kichwa, kisha watu wakapata nafuu wakitoka nje, mkosaji ni jiko. Toeni jiko, fungueni madirisha, nendeni hospitali.

5. Kuna homa? Apimwe malaria. Baridi isikudanganye: mashamba ya chai ya Kericho yalikumbwa na milipuko ya malaria miaka ya 1990.

6. Parasetamoli hutolewa kwa uzito wa mtoto, na mapema. Aspirini, hapana, kama hajafika miaka 16. Akihitaji dawa zaidi ya siku mbili kwa wiki, mpeleke kliniki. Dawa ikizidi, yenyewe huleta kichwa.

7. Shingo ikikakamaa, akipata degedege, akichanganyikiwa, akiumwa baada ya kugonga kichwa, au maumivu yakimwamsha usiku na kumtapisha kila asubuhi, usijaribu dawa ya duka. Longisa, Tenwek, Kapkatet, hospitali ya rufaa ya Kericho: iliyo karibu nawe ndiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku.