Shimo la Arizona: Somo la Kupima Ushahidi

Wanafunzi wengi hukariri kwamba mashimo fulani ya ardhi yalifanywa na vimondo, bali wakiulizwa tumejuaje, hunyamaza. Twapendekeza somo la vipindi viwili litakalowafundisha kujibu.

Katika jangwa la Arizona, Marekani, liko shimo lenye kipenyo cha mita 1,200 hivi na kina cha mita 170. Vipande vya chuma cha kimondo vilipatikana vimetapakaa kandokando yake. Hata hivyo volkano za kale nazo haziko mbali. Mwalimu achore shimo ubaoni, ataje hayo, wala asitoe jibu.

Hatua ya kwanza. Makundi yaandike: ikiwa ni kimondo, tutazamie kuona nini? Ndivyo alivyofanya mwanajiolojia G. K. Gilbert mwaka 1891. Alifikiri kwamba, kama kimondo kimezikwa chini, sindano ya dira itapotoka, na mawe ya ukingoni yatazidi ujazo wa shimo. Akapima, hakuona lolote kati ya hayo. Akaamua kuwa shimo lilipasuliwa na mvuke wa volkano. Wanafunzi wakikubaliana naye, waachwe.

Hatua ya pili. Sinia ijazwe mchanga, inyunyiziwe majivu juu, kisha jiwe liangushwe. Mchanga wa chini hurushwa juu ya majivu, kama matabaka ya ukingo wa Arizona yalivyopinduka. Lakini jiwe la sinia hubaki zima. Hapo ndipo penye kiini cha somo: je, kimondo nacho kilibaki kizima? Daniel Barringer alidhani hivyo. Tangu 1903 alichimba kwa miaka zaidi ya 20 akitafuta chuma hicho, asikipate. Kimondo kilikuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 10 kwa sekunde, na sehemu kubwa yake ikayeyuka na kutawanyika. Vipimo vya Gilbert havikumpoteza. Kilichompoteza ni dhana aliyoitanguliza.

Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walitangaza kuona humo koesiti, madini yatokanayo na mgandamizo ambao mlipuko wa mvuke hauwezi kuuleta.

Tathmini. Mwanafunzi asiulizwe chanzo cha shimo tu, bali aeleze ni dhana gani ya Gilbert iliyohitaji kupimwa. Kisha afikiri juu ya kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye tani 16 hivi: mbona hakina shimo la namna hiyo?