Daktari Asomeshwe Nini?

Masomo: Luka 8:40–56, Luka 10:25–37, Yoshua bin Sira 38:1–15



Mwezi huu tumeona vema kujibu swali tuliloulizwa na kijana mmoja wa kwaya yetu. Kijana huyu yumo kidato cha tano, mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na nia yake ni kuwa daktari. Baada ya ibada alitujia, akatuamkia, kisha akasema: "Mwalimu, nimefurahi kuachana na historia na fasihi. Homa haiulizi habari za Kinjekitile." Tulicheka sana. Lakini tulipofika nyumbani tuliona kwamba kijana ametupa swali zito, tena linalowahusu hata wale wasiosomesha mtoto udaktari. Maana sote tutaugua, na siku hiyo tutakuwa mikononi mwa mtu aliyesomeshwa jambo fulani na kutosomeshwa jingine.

1. Mfano wa mwalimu

Sisi tulifanya kazi miaka mingi katika chuo cha ualimu. Mwanachuo aliyekuja kujifunza kufundisha hesabu hakusoma hesabu peke yake. Alisoma pia falsafa ya elimu, saikolojia, na historia ya elimu katika nchi yetu. Wengi walinung'unika. Walisema, "Tunakwenda kufundisha kujumlisha na kutoa; falsafa ya nini?"

Manung'uniko hayo yaliisha walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Huko walimkuta mtoto asiyejibu swali, nao wakataka kumwita mjinga. Kumbe mtoto hakula tangu jana, au anaelewa Kihangaza vizuri kuliko Kiswahili, au amefiwa. Hesabu ilikuwa imemwambia mwalimu afundishe nini. Haikuwa imemwambia anamfundisha nani, wala kwa ajili gani. Hayo mawili ndiyo kazi ya falsafa, historia, fasihi na dini, masomo ambayo shuleni twayaita masomo ya sanaa.

Basi, ikiwa mwalimu wa kujumlisha ayahitaji, je, yule atakayemwambia mama kwamba mwanawe hatapona?

2. Vidonge vya mama yetu

Tuwasimulie jambo lililotupata wenyewe. Hospitali hatutaitaja, maana kosa halikuwa la hospitali peke yake. Mama yetu mzazi alipatikana na shinikizo la damu. Daktari alikuwa hodari. Alipima vizuri na dawa aliyoandika ilikuwa sahihi. Kila tuliporudi aliuliza, "Mama, unakunywa dawa?" Mama akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Daktari akaandika, tukaondoka. Miezi michache baadaye mama akapatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ukalegea.

Alipolazwa, mwanafunzi mmoja wa utabibu alivuta kigoda, akaketi karibu na kitanda, akamwambia mama amsimulie siku yake tangu kuamka hadi kulala. Mama akaeleza yote. Alikunywa vidonge siku ambazo kichwa kilimwuma tu, kwa kuwa maishani mwake dawa ni ya anayeumwa. Vilevile nusu ya vidonge alimpa jirani mwenye ugonjwa ule ule, kwa sababu tangu utoto wake alifunzwa kwamba kula peke yako ni aibu. Hakusema uongo hata mara moja. Aliulizwa kama anakunywa, naye alikuwa anakunywa.

Sisi tulikuwa tumeketi pale pale siku zote hizo, mwalimu mzima, wala hatukumwuliza. Mama aliishi miaka mitatu tena, akila kwa mkono wa kushoto.

Angalieni kwamba sayansi haikukosea hapa. Kilichokosekana ni kusikiliza hadithi ya mtu na kuelewa maana ya dawa kwake. Kusikiliza hadithi hufundishwa. Mwanafunzi wa fasihi huzoezwa kuuliza: ni nani anayesema, anasema nini, na ni lipi ameliacha bila kusema?

3. Biharamulo, mwaka 2025

Wasomaji wetu wa Biharamulo hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa rasmi kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umeingia wilayani humo. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliohesabiwa kwa dalili na ukaribu wao na wagonjwa. Wote 10 walifariki. Tarehe 13 Machi 2025 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha, baada ya kupita siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vyaweza kujificha mwilini.

Ugonjwa huu hauna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, na maiti huambukiza pia. Kwa hiyo kazi kubwa ya waganga katika mlipuko wa namna hii huwa ni kusema na watu. Daktari humwambia kijana asimwoshe baba yake aliyefariki. Huwaambia ndugu wasimkumbatie mfiwa, na mtu mzima akae siku 21 chini ya uangalizi ingawa hajisikii kuumwa.

Tuyatazame maneno hayo moja moja. Kumwosha marehemu kwetu ni heshima ya mwisho, na asiyeitoa hukaa na deni moyoni. Daktari anayejua virusi tu ataita desturi hiyo ujinga, na watu watazika usiku. Daktari aliyejifunza maana ya msiba ataketi na wazee na kuuliza: ni lipi katika mazishi haya haliwezi kuachwa, na ni lipi laweza kufanywa kwa namna nyingine? Labda sala isomwe kwa mbali, labda ndugu waonyeshwe jeneza kabla halijafunikwa udongo. Hapo desturi na uhai vyote viwili hulindwa.

Kadhalika lile la siku 21. Je, ni haki kumzuia mtu mmoja kwa ajili ya wengi? Kwa muda gani? Nani atalisha watoto wake? Hadubini haijibu maswali hayo. Ni maswali ya haki, na wanafalsafa wameyafanyia kazi kwa karne nyingi. Hata hivyo daktari wa wilaya hulazimika kuyajibu kabla ya saa sita mchana.

4. Rusumo na Arusha

Sisi wa Ngara tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilayani kwetu, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee wasio na hatia. Lakini walikuwamo pia waliotoka kuua, na viongozi wao waliendelea kutawala ndani ya kambi.

Hapo waganga waliofika kusaidia walikutana na swali gumu. Je, nimtibu ninayemshuku kuwa mwuaji? Na ikiwa chakula na dawa vinampa nguvu ya kuendelea na uovu, je, nibaki au niondoke? Mwishoni mwa 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa katika kambi za Zaire, kwa sababu halikutaka msaada wake uwatumikie wauaji. Matawi mengine yalibaki kwa muda, kwa sababu hayakutaka kuwaacha wagonjwa. Hatuwezi kusema kwamba wa upande mmoja walikuwa watu wabaya. Twasema tu kwamba hakuna hata mmoja angeweza kuchagua kwa kutazama kitabu cha dawa.

Liko jambo la kuogofya zaidi. Mwezi Februari 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu daktari wa hospitali moja ya misheni kifungo cha miaka 25, kwa sehemu yake katika mauaji ya kimbari. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alihukumiwa miaka 10. Vivyo hivyo huko Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1946 hadi 1947, walishitakiwa watu 23 kwa majaribio na mauaji yaliyofanywa kwa jina la utabibu, na 20 kati yao walikuwa madaktari wenye elimu nzuri. Maarifa ya mwili hayazuii mkono kuua. Na tuseme kweli hata ikituuma: wala kuzaliwa katika nyumba ya mchungaji hakuzuii.

5. Historia nayo inatibu

Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikuja katika visiwa vya Sese, ziwani mwetu Victoria upande wa Uganda, kutafuta dawa ya malale. Alitumia dawa iitwayo atoksili. Alipoongeza vipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Watu wa pwani za ziwa hawakusoma habari hiyo vitabuni. Waliipokea kwa wazazi wao. Daktari anayeijua historia hii, akimwona mzee anasita mbele ya sindano, hatamfokea. Atajua kwamba kusita kwake kuna sababu, naye ataeleza kwanza kabla ya kudunga.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Ni kweli. Lakini tujiulize pia: kwa nini mtu afiche? Mara nyingi ni kwa sababu alipofichua mara ya kwanza alifokewa.

6. Je, wakati upo?

Wako watakaosema: daktari wa wilaya ana foleni ya watu tangu alfajiri, hana nafasi ya falsafa. Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatulidharau. Afadhali daktari mkali anayejua dawa kuliko mpole asiyejua. Lakini ni nani alisema tuchague mmoja? Yale mazungumzo ya mwanafunzi na mama yetu yalichukua robo saa. Kulazwa kwake kulichukua majuma matano.

Someni tena Luka 8. Binti wa Yairo yu karibu kufa, na kila dakika ni ya thamani. Hata hivyo Bwana alisimama njiani kwa ajili ya mwanamke ambaye alikuwa amekwisha kupona, kusudi aseme habari yake mbele ya watu. Mwanamke huyo alikuwa ameugua miaka 12. Damu ilikuwa imekauka. Aibu ilikuwa haijaondoka.

Mama Cicely Saunders wa Uingereza, Mwanglikana, alisoma kwanza falsafa, siasa na uchumi huko Oxford, akawa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na mwaka 1957 akahitimu udaktari. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya St Christopher's, London, kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, moyo, jamaa na roho kwa pamoja, na kwamba asiyetibu yote hajatibu. Mafundisho hayo yamefika kwetu: tangu 1993 nyumba ya namna hiyo ipo Kampala, na kutoka huko huduma imeenea katika Afrika.

Nchini kwetu pia jambo hili limekubaliwa. Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambacho mwanzo wake ni shule ya udaktari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, kina idara ya taaluma za maendeleo na idara ya maadili ya utabibu. Lakini idara haitoshi ikiwa mwanafunzi huisoma ili afaulu mtihani tu. Masomo haya hushika mizizi kando ya kitanda, mwanafunzi anapomwona mkubwa wake akivuta kigoda na kuketi.

7. Wajibu wetu

Kwa hiyo, kijana wetu wa kwaya, endelea na kemia yako kwa bidii, maana hatutaki daktari asiyejua kemia. Ila jioni soma riwaya. Waulize wazee habari za mwaka 1994. Jifunze Kihangaza cha bibi yako vizuri, hasa maneno ya maumivu.

Nasi tusio madaktari tuna sehemu yetu. Tukimsindikiza mgonjwa, Murgwanza au penginepo, tusikae kimya kama alivyokaa mwalimu huyu. Tumsaidie aseme yote.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

(a) Mara ya mwisho ulipokwenda zahanati, ni jambo gani hukulisema, na kwa nini?

(b) Msamaria mwema alimhudumia asiyemjua. Je, angemjua kuwa mwuaji, ingempasa kufanya nini?

(c) Mlipuko ukitokea tena, ni desturi gani ya msiba tunayoweza kuibadili, na ni ipi tungeomba tuachiwe? Wazee na vijana wajibu kwa zamu.

(d) Yoshua bin Sira anataka tabibu aheshimiwe. Sisi twamheshimuje?

Mungu awabariki waganga na wauguzi wetu wote.