Kusoma Ng'ambo na Kurudi Nyumbani

Wazazi huniuliza: kijana akienda kusoma ng'ambo, je, hatapotea? Na tumtazame Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1949, akiwa tayari mwalimu aliyesoma Makerere, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akakaa miaka mitatu. Alisoma historia, uchumi na falsafa, na baadaye alisema mwenyewe kwamba fikra zake za siasa zilijengeka huko. Ugenini alipata kuitazama nchi yake kwa mbali.

Aliporudi mwaka 1952 alikwenda kwao Butiama, akachanganya udongo, akajenga nyumba kwa mikono yake. Watu walishangaa: msomi wa Ulaya na matope! (Nimefundisha chuo cha ualimu miaka mingi, wapo waliorudi na shahada wakaona haya hata kuteka maji.) Kisha mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, kwa Kiswahili.

Swali la kuzungumza nyumbani: mtoto wetu akirudi, je, tutampa udongo achanganye, au tutamkalisha kitini kama mgeni?