Kiwanda Kikubwa, Viatu Vichache

Somo letu la leo ni hili: kampuni kubwa hudumu kwa njia gani? Tuanze na kiwanda kilichokuwa hapa hapa Morogoro.

Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikuwa mali ya umma. Kilikuwa na mashine mpya na wafanyakazi. Mpango ulikuwa kushona viatu vya kutosha nchi nzima, na vingi zaidi viuzwe Ulaya.

Wapi! Palipotakiwa kutoka jozi 100, hazikutoka hata jozi 5. Kuta zilikuwa za alumini na hewa haikupita vizuri. Nanyi mnalijua joto la Morogoro mjini. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, na vipuri vikawa taabu. Soko la Ulaya nalo halikupatikana. Mwaka 1990 kazi ilisimama kabisa. Jamani, mkopo haulipwi na mashine zilizolala.

Mkulima wa Mgeta, kule Uluguru, hupanda mboga kwa kuangalia soko. Huulizia bei Morogoro na Dar es Salaam. Kabichi ikishuka bei, msimu ujao huongeza karoti. Jembe ni lake na uamuzi ni wake, basi hugeuka upesi.

Je, kampuni yenye maelfu ya watu inaweza kugeuka hivyo? Inaweza, kama viongozi wake wanawasikiliza walio kazini. Tazama Toyota ya Japani, watengenezaji wa magari. Kiwandani mwao, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba. Msimamizi huja mara moja. Kasoro isipoondoka, kazi ya mstari ule husimama mpaka irekebishwe. Hakuna anayengoja barua itoke makao makuu.

Basi, kikundi chenu kikitaka kukopa kwa ajili ya mashine ya kukoboa au duka, fanyeni hivi:

1. Mtafuteni mnunuzi kabla ya kununua mashine.
2. Anzeni kidogo, mkue kwa faida.
3. Anayeshika kazi aruhusiwe kusema, na kiongozi amsikilize.
4. Soko likibadilika, badilisheni mpango mapema.

Maswali ya kujadili
1. Taja mambo matatu yaliyokiangusha kiwanda cha viatu.
2. Katika kikundi chenu, nani anaweza "kuvuta kamba"? Akivuta, nani anakuja?