Kobe wa Maji na Samaki Wakubwa Katika Tangi Moja

Kobe wa maji hula samaki. Mwongozo huu hauibadilishi tabia hiyo. Unapanga ukubwa wa wanyama, ujazo wa maji na ratiba ya ukaguzi ili tabia hiyo isipate nafasi. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Penye neno KAGUA, usivuke mpaka jibu liwe limeandikwa kwenye daftari.

Maneno yanayotumika

*Kobe*: kobe wa maji baridi mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho (Trachemys scripta elegans), asili yake bonde la mto Mississippi, Marekani. Hapa tunazungumzia dume, ambaye gamba lake kwa kawaida huishia karibu sm 20. Jike hufika sm 28 na vipimo vya tangi hili havimtoshi. Kasa wa baharini hahusiki kabisa, kwani analindwa na sheria.

*Oska*: samaki wa Amazoni (Astronotus ocellatus), hufika sm 30.

*Tangi kuu*: tangi la kioo watakamoishi pamoja. *Tangi la akiba*: chombo cha lita 150 au zaidi, chenye chujio lake, kinachokaa tayari wakati wote.

Vifaa

Tangi kuu la sm 200 × 60 × 70 (urefu, upana, kimo), kioo cha mm 12, machujio 2 ya nje, kila moja lita 1,500 kwa saa, hita 2 za wati 300 zenye vizimba vya kinga, taa ya joto, taa ya UVB, vipimajoto 2, vipimo vya amonia, nitriti na nitreti, dawa ya kuondoa klorini, pampu ya hewa inayotumia betri, wavu wa plastiki mgumu wa kugawa tangi, wavu wa chuma wa mfuniko, mpira wa kunyonyea maji, ndoo 2 za lita 20 zisizowahi kutiwa sabuni.

Hatua ya 1. Uliza kuhusu kibali. Kabla ya kununua chochote, uliza kwa maandishi mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako (Kenya ni KWS, Tanzania Bara anza na TAWA) kama unaruhusiwa kumfuga kobe huyu. Ana sababu ya kutiliwa shaka: yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza tangu 1997. KAGUA: jibu liko mkononi. Likiwa hapana, mwongozo unaishia hapa.

Hatua ya 2. Kokotoa ujazo. Hesabu lita 15 za maji kwa kila sm 1 ya gamba la kobe mzima: 20 × 15 = lita 300. Ongeza lita 200 kwa oska wa kwanza na lita 100 kwa wa pili. Jumla lita 600, sawa na tangi kuu lililojazwa hadi kimo cha sm 50. Usipunguze hesabu kwa kuwa kobe wako bado mdogo. Atakua, na anaweza kuishi miaka 30. Idadi nayo isizidi kobe 1 na oska 2.

Hatua ya 3. Andaa sakafu. Lita 600 za maji ni kilo 600. Ongeza kilo 145 za kioo. Jenga meza ya matofali ya saruji au chuma kilichochomelewa, kwenye sakafu ya zege ya chini kabisa ya nyumba. Ghorofani, mwite fundi ujenzi kwanza. Tandika povu gumu la mm 10 chini ya tangi. KAGUA kwa pimamaji, kwa urefu na kwa upana: kiputo cha hewa kikae katikati.

Hatua ya 4. Funga vifaa vya umeme. Tumia soketi iliyounganishwa na swichi inayokata umeme unapovuja. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa, ili tone linaloteleza juu ya waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Hita zikae ndani ya vizimba: kobe huzigonga kwa gamba, oska huzisukuma kwa kichwa, na zilizo nyingi ni za kioo. Weka nyuzi 25. Dar es Salaam au Mombasa huenda zisiwake miezi mingi. Nairobi na Arusha utazihitaji.

Hatua ya 5. Jenga jukwaa. Jukwaa ni sehemu kavu ya kobe kuota joto, yenye ukubwa usiopungua sm 40 × 30, na mteremko wenye uso wa kukwaruza ili kucha zishike. Nafasi iliyo chini yake iwe wazi pande zote au izibwe kabisa. Upenyo wa nusunusu ndio unaomnasa kobe. Yeye hupumua kwa mapafu, na akinaswa chini ya maji hufa maji.

Ning'iniza taa ya joto kwa mnyororo, si kwa kibanio peke yake, kwa sababu kibanio huteleza na taa ikaangukia majini. Uso wa jukwaa usome nyuzi 32 hadi 35. Taa ya UVB ikae sm 25 hadi 30 juu ya gamba, bila kioo wala plastiki katikati. Vyote viwili huzuia miale ya UVB, na ndiyo maana jua la dirishani halimsaidii. Kata nafasi ya taa kwenye mfuniko wa wavu, kisha funga mfuniko: kobe hupanda na oska huruka.

Sakafu ya tangi iachwe tupu, au itandazwe mawe makubwa kuliko kichwa cha kobe. Kokoto ndogo humezwa.

Hatua ya 6. Komaza maji. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua samaki. Kinyesi hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Wa kundi la pili huigeuza kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa ndani ya chujio, na tangi jipya halinao.

(a) Jaza maji na uyatie dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. (b) Washa machujio yote mawili. (c) Tia amonia ya maji isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome mg 2 kwa lita. (d) Pima kila siku; amonia ikifika 0, irudishe mg 2. (e) Endelea kwa wiki 4 hadi 6. KAGUA: mg 2 za amonia zishuke hadi 0 ndani ya saa 24, na nitriti iwe 0. Badilisha nusu ya maji, kisha nenda mbele.

Hatua ya 7. Chagua wanyama. Oska asipungue sm 18. Kobe awe na gamba la sm 12 hadi 15, lililopimwa kwa mstari ulionyooka: msimamishe kati ya vipande viwili vya mbao, mtoe, kisha pima nafasi iliyobaki. Usifuate mpindo wa gamba. Kobe mdogo zaidi hung'atwa vidole na ncha ya mkia na oska. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba chini ya inchi 4, yaani sm 10, kwa sababu nyingine: watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuambukizwa salmonela.

Usiweke samaki wa dhahabu (nyama yake ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1), plekosi (hukwangua gamba), wala jamii ya kambale wenye miiba mapezini.

KAGUA kobe: macho wazi, pua kavu, gamba gumu, na anapoogelea halali upande mmoja. Kulala upande huweza kuwa dalili ya nimonia.

Hatua ya 8. Tenga kwa siku 30. Kobe na samaki wakae vyombo tofauti. Ugonjwa wa samaki utibiwe humo, kamwe si kwenye maji yenye kobe.

Hatua ya 9. Ingiza kwa zamu. Oska waingie kwanza na wakae siku 14. Siku ya 15 asubuhi, gawa tangi kwa wavu wa plastiki, mlishe kobe ashibe, kisha muweke upande wenye jukwaa. Acha wavu siku 7. Uondoe asubuhi ya siku ambayo utakuwa nyumbani mpaka jioni. Kobe akimfuata samaki kwa zaidi ya dakika chache, rudisha wavu na subiri siku 7 nyingine. Jaribu mara mbili tu. Wapo kobe wasiokubali.

Hatua ya 10. Lisha kwa kutenganisha. Kobe alie kwenye beseni la pembeni lenye maji ya tangi: chakula cha punje kinacholingana na ujazo wa kichwa chake, mara 4 kwa wiki, na sukuma wiki kila siku. Mchicha usiwe wa kila siku. Oksaleti yake huzuia kalsiamu. Mfupa wa dome unaookotwa ufukweni, ukioshwa chumvi, unatosha kwa kalsiamu. Usimpe samaki hai hata mmoja.

Hatua ya 11. Badilisha maji kila wiki. Toa ndoo 8, yaani lita 160, rudisha maji yaliyotiwa dawa. Usivute mpira kwa mdomo. KAGUA: amonia 0, nitriti 0, nitreti chini ya mg 40. Osha sponji za chujio ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kwani klorini ya bomba huua bakteria. Nawa mikono kwa sabuni; usioshee chochote kwenye sinki la jikoni.

Umeme ukikatika, washa pampu ya betri mara moja: kobe atapanda juu kuvuta hewa, samaki hana pa kwenda. Ukikatika kwa zaidi ya saa 4, usiwashe chujio moja kwa moja unaporudi. Mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake. Yamekosa oksijeni na yananuka.

Hatua ya 12. Hesabu mapezi kila jioni. Tazama kila pezi la kila oska, kisha vidole na mkia wa kobe. Pengo jipya au damu: hamishia kobe kwenye tangi la akiba saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Pengo la pili baada ya kumrudisha ni jibu la kudumu. Mtafutie makazi yake mwenyewe, au mrudishe kwa aliyekuuzia au kwa mamlaka iliyokupa kibali. Usimwachie mtoni, ziwani wala kwenye bwawa la jirani.